Usukani, Mtaro na Yaya wa Kisudani: Kuisoma Upya Ilani ya Marinetti

Katika semina yetu ya nadharia ya fasihi tulipewa kusoma ilani ya F.T. Marinetti, ile iliyotoka katika gazeti la Le Figaro la Paris tarehe 20 Februari 1909 na kulitangaza kundi la Wafutaristi, yaani watu wa kesho. Mjadala haukufika mbali. Nusu ya darasa walisema huyu ni mwendawazimu wa Kizungu, hatuhusu. Nusu ya pili, nami nikiwemo, tulicheka tu: jamaa anapenda mwendo, basi! Mwalimu akauliza nani amesoma kile kisa kilichotangulia vifungu. Kimya. Makala hii ni jibu langu lililochelewa.

Tuanze na maudhui. Ilani hii hukumbukwa kwa vifungu vyake 11. Kifungu cha 4 kinadai kuwa dunia imepata uzuri mpya, uzuri wa mwendo kasi, na kwamba gari la mashindano linapendeza kuliko sanamu ya kale ya Ushindi wa Samothrace iliyomo Louvre. Cha 9 kinatukuza vita na kumdharau mwanamke. Cha 10 kinataka majumba ya makumbusho na maktaba yabomolewe. Mtu akiishia hapo, ataona kelele tupu za vijana wenye fedha.

Lakini kabla ya vifungu kuna kisa. Marinetti na rafiki zake wamekesha wakibishana. Wanasikia magari yakinguruma chini ya dirisha, wanashuka, wanakamata usukani, wanatoka mbio. Ghafla wanatokea watu wawili juu ya baiskeli, wakiyumba mbele yake kama hoja mbili zenye nguvu sawa zinazopingana. Anakata usukani. Gari linaruka na kuingia mtaroni, matairi juu. Kisa hiki hakikubuniwa chote. Mwaka 1908 Marinetti aliingiza gari lake mtaroni karibu na Milan akiwakwepa waendesha baiskeli.

Kwa upande wa fani, hapa ndipo msanii alipofaulu. Gari linavuliwa kwa nyavu kama papa aliyekwama ufukoni. Naye msimulizi, akiwa ameyanywa maji machafu ya kiwanda, anakumbuka titi jeusi la yaya wake Msudani. Tusishangae: Marinetti alizaliwa Alexandria, Misri, mwaka 1876. Kwa hiyo yule nabii wa chuma na injini, siku alipopinduka, hakuikumbuka injini. Alimkumbuka mwanamke wa Kiafrika aliyemnyonyesha.

Nadhani hapo ndipo matini inapojipinga yenyewe. Kurasa chache baadaye mwanamke anadharauliwa. Huyo yaya hana jina, haulizwi neno, wala hajui kuwa amechangia kuzaliwa kwa nadharia. Maziwa yake yamekuwa petroli ya mtu mwingine. Nao wale wawili wenye baiskeli? Marinetti anawageuza kuwa hoja, halafu wanatoweka. Hatuambiwi walifika walikokuwa wakienda. Katika sifa za mwendo kasi, anayetembea taratibu hana nafsi, ni kizuizi tu.

Naomba wasomaji waniwie radhi nitoke kidogo nje ya matini, maana bila kisa changu uhakiki huu utakuwa wa uongo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye basi nikitoka Dar kwenda Iringa. Tulipopita Morogoro, basi jingine likatupita kwa madaha. Abiria tukachachamaa. Mimi ni mmoja wa waliopiga kelele: "Kanyaga mafuta dereva, unatutia aibu!" Dereva akakanyaga. Tusidanganyane, kasi ni tamu. Tumbo linabaki nyuma, upepo unapiga dirishani, na kwa dakika chache mtu asiye na kitu anajiona mfalme. Tulipolipita lile basi tulishangilia kama tumefunga goli.

Mbele kulikuwa na mtu kwenye baiskeli, amefunga magunia mawili ya mkaa. Dereva wetu hakukata usukani. Alipiga honi tu. Nilimwona yule mtu akiingia mtaroni na mkaa wake, na basi zima likacheka. Hatukusimama. Mpaka leo sijui kama aliinuka.

Nilipoisoma ilani kwa mara ya pili, nilisimama kwenye ule usukani uliokatwa. Marinetti, pamoja na majigambo yake yote, aliingia mtaroni mwenyewe. Sisi tulimtia mtu mwingine. Hesabu ya mambo haya ni ya kidato: mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 120, nguvu hiyo inazidi mara mbili. Lakini fizikia haisemi nani atalipa. Fasihi ndiyo inayopaswa kutuambia hilo.

Historia nayo ilitoa jibu lake. Italia ilipoivamia Libya mwaka 1911, Marinetti alikwenda huko kama mwandishi wa habari. Vita ya Ethiopia ilipoanza mwaka 1935, alijitolea kwenda tena, akiwa na umri unaokaribia miaka 60. Yaani mtoto aliyenyonyeshwa na Mwafrika alirudi Afrika nyuma ya mizinga. Na mwenzake Umberto Boccioni, mchoraji na mchongaji wa mwendo, alikufa mwaka 1916. Hakufa kwa gari wala ndege. Alianguka kutoka juu ya farasi.

Je, mwandishi amefaulu? Kifani, ndiyo. Anatuonjesha utamu wa kasi, na mhakiki anayejifanya hajawahi kuuonja ni mnafiki. Kimaudhui ameanguka, kwa sababu vifungu vyake vinaikimbia hadithi yake. Hadithi inajua kuwa kuna mtu barabarani. Vifungu vimemsahau. Wanaosema ilani hii haituhusu nawaomba warudi kwenye kisa. Sisi tumo ndani yake mara mbili: kwa yaya, na kwa baiskeli.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Zamani niliiona methali hiyo kuwa ya wazee waliochoka. Siku hizi naisikia kwa sauti ya mtu aliyeko mtaroni, anaokota mkaa wake kipande kimoja kimoja, huku vumbi la basi letu bado halijatua.