Kioo cheusi si lazima ubao umekufa: sifa na lawama kwa earlycon=efifb

Mwezi uliopita binamu yangu, mfanyabiashara wa Katoro, Geita, alinipigia simu. Laptopu yake ya Linux, ile anayoandikia madeni ya wateja, ilibaki na kioo cheusi baada ya kusasishwa. Fundi alimwambia ubao mkuu umekufa, anunue nyingine. Ukipewa hukumu kama hiyo, subiri kwanza.

Ukiwasha kompyuta, wa kwanza kuamka si Linux bali UEFI, programu iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao. Ndiyo inayowasha kioo na kutenga sehemu ya kumbukumbu ambayo kila namba inayoandikwa humo hugeuka nukta ya rangi kiooni. Kisha inamkabidhi Linux. Hapo ndipo earlycon=efifb inapoingia, njia iliyokuja na Linux 5.1 mwaka 2019: kwa nini tusubiri dreva ya picha wakati kioo kinawaka tayari? Inachora herufi humo moja kwa moja. Njia ya waya wa siriali ipo, ila laptopu nyingi za leo hazina tundu lake.

Nikamwongoza kwa simu: gusagusa Esc hadi menyu ya GRUB itokee, bonyeza e, kwenye mstari wa linux futa quiet splash, andika earlycon=efifb keep_bootcon, kisha F10. Maandishi yakashuka, yakagota kwenye "Kernel panic": Linux imeshindwa kufungua diski. Yaani ubao mzima kabisa! Nafasi ya /boot ilikuwa imejaa, faili la initramfs halikuandikwa, na dreva za kioo zilikuwa humohumo. Tukawasha kwa toleo la zamani, tukafuta yaliyozeeka, tukasasisha upya. Madeni yote yapo.

Sasa lawama. Bila keep_bootcon, maandishi hukatika mara konsoli ya kawaida inapojiandikisha, hata kama haina pa kuandika. Nani angekisia? Pia ni nzito: kila mstari mpya ukiingia, prosesa inasogeza picha nzima juu. Na mashine za mtumba zenye BIOS ya zamani hazinufaiki kabisa.

Ila kosa kubwa naliona kwa wanaotuandalia mifumo. Wanaficha jumbe hizi nyuma ya nembo nzuri, halafu mashine ikikwama hainong'oni hata neno. Kwenye maduara ya Geita, aliye chini akinyamaza, walio juu hawasemi ametulia, wanashtuka. Fundi hakudanganya, alihukumu kimya alichokutana nacho. Kwenye menyu ya dharura kungekuwa na chaguo moja tu, "onyesha kila kitu", asingehitaji binamu aliyesoma kompyuta.

Mpaka hapo watakapoliweka, iandike amri hiyo kwenye daftari. Kwenye laptopu iliyokwama hutaisoma.