Istilahi za Modemu ya Simu: Uhakiki wa Tafsiri ya Kijitabu Kimoja

Kijitabu tunachokihakiki hapa chaeleza namna ya kuunganisha kompyuta na laini ya simu kwa modemu. Kilifasiriwa zamani, wakati modemu za kupiga simu zilipokuwa bado katika ofisi nyingi, nasi hatutamtaja mfasiri wala mchapishaji. Huenda msomaji akauliza kuna haja gani kukihakiki leo, ilhali hata kampuni ya AOL ya Marekani iliacha kutoa intaneti kwa njia hiyo tarehe 30 Septemba 2025. Haja ipo. Fundi anayeandaa mitambo ya mtandao kwa waya wa moja kwa moja kutoka kompyuta yake bado huulizwa baudi ngapi na biti ngapi. Modemu ndogo za kuchomeka nazo zimeendelea kupokea amri zinazoanza kwa herufi AT, mtindo ulioletwa na modemu ya Hayes mwaka 1981. Isitoshe, tumekwisha kuyaona maneno ya kijitabu hiki yamenakiliwa, makosa na yote, katika maelekezo mapya.

Neno "modemu" lenyewe hatuna ugomvi nalo. Kama mfasiri angesema "kigeuzi" asingekosea maana, kwa kuwa kifaa hiki hugeuza ishara za tarakimu kuwa sauti zipitazo katika waya wa simu, na upande wa pili huzirudisha zilivyokuwa. Lakini vigeuzi ni vingi, hata vya umeme.

Ubaya waanza katika sura ya matatizo. Panapoelezwa kwamba modemu imepiga simu na haikupata ishara ya mwenzake, twasoma: "Hakuna mchukuzi." Mwenzetu mmoja ofisini aliposomewa sentensi hiyo aliuliza kama tarishi hakufika kazini. Hakukosea yeye. Mchukuzi ni mtu abebaye mizigo, bandarini au sokoni. Kinachokusudiwa ni wimbi lisilokatika litolewalo na modemu, ambalo hubadilishwabadilishwa ili libebe habari. Twapendekeza "wimbi chukuzi". Asomaye kwamba hakuna wimbi chukuzi ajua pa kutazama: je, namba iliyopigwa ni ya modemu au ya mtu? Je, laini ina kelele? Je, muda wa kungoja, ambao huwekwa katika rejista S7, ni mfupi mno?

Tena kifaa chenyewe huandika ujumbe huo kwa Kiingereza, na mfasiri hakumwonyesha msomaji maneno atakayoyaona. Njia rahisi ilikuwapo. Amri ATV0 huifanya modemu ijibu kwa tarakimu: 3 ikikosekana ishara ya wimbi chukuzi, 6 ukikosekana mlio wa laini, 7 laini ya pili ikiwa inatumika. Tarakimu hizo zingepangwa kando ya maelezo ya Kiswahili, karani asiyejua Kiingereza angejitegemea.

Nimetaja mlio wa laini kwa makusudi. Kijitabu kina "mlio" mmoja tu kwa mambo matatu: sauti isikikayo unapoinua mkono wa simu, kengele ya simu iitayo, na sauti ya kwamba unayemtafuta anazungumza na mwingine. Kisha chashauri: "Modemu isiposikia mlio, toa amri ATX3." Mlio upi? Anayedhani ni kengele atahangaika bure. Amri hiyo huiambia modemu ipige namba bila kungoja mlio wa laini, lakini iendelee kutambua laini inayotumika. Hufaa pale ambapo mlio wa mitambo ya simu ya mahali haufanani na ule ambao modemu iliundwa kuutambua. Yafaa basi tuseme "mlio wa laini", "kengele", na "mlio wa kutumika".

Kosa lililotusikitisha zaidi ni "usawa", kwa sababu hapo Kiswahili kilikuwa na maneno yake tayari. Kijitabu chaagiza: "Biti 7, usawa: ndiyo." Usawa wa nini na nini? Jambo lenyewe ni hesabu ambayo mwalimu wa shule ya msingi huifundisha kwa majina ya shufwa na witiri. Herufi hutumwa kwa biti 7. Modemu au kompyuta huongeza ya nane ili jumla ya moja-moja iwe shufwa, au iwe witiri, kama pande mbili zilivyokubaliana. Herufi A ni 1000001, ina moja mbili. Kwa shufwa huongezwa sifuri. Herufi C ni 1000011, ina moja tatu, huongezwa moja. Sasa upande wa pili ukiwa umewekwa biti 8 bila ukaguzi huo, A itafika salama na C itafika imeharibika. Fundi akiona baadhi ya herufi ni nzima na nyingine ni vioja, na vioja hivyo havibadiliki, na atazame hapo kabla ya kuilaumu laini. Twapendekeza "biti ya ukaguzi", nayo iwe "ya shufwa" au "ya witiri".

Kuhusu baudi, neno limetokana na jina la Émile Baudot, Mfaransa wa mambo ya telegrafu. Anayelifuata kwa sikio angeandika "bodi", nasi bodi tunazo za kutosha. Lakini kijitabu huita kila kasi baudi. Katika modemu za biti 300 kwa sekunde hapakuwa na tofauti, kwa kuwa kila badiliko la ishara lilibeba biti moja. Modemu za kanuni ya V.22bis hubadilisha ishara mara 600 kwa sekunde, kila badiliko likibeba biti 4. Hizo ni baudi 600 na biti 2400, si "baudi 2400".

Limebaki "kupeana mikono", yaani ule mlolongo wa milio ambao modemu mbili huuanza nao ili kuchagua kasi. Mmoja wetu alitetea "hodi", akisema hakuna aingiaye bila kubisha na kukaribishwa. Mimi naona hodi ni ya upande mmoja, ilhali hapa wote wawili hupunguza madai yao mpaka wakutane. Kwa sasa tumeandika "mapatano", na wasomaji wenye neno bora na watuletee.