Miungu Mingine Mbele za Uso Wake: Uhakiki wa Namna Tunavyoifundisha Amri ya Kwanza

Utangulizi

Pengine hakuna amri ambayo Wakristo wetu huikariri mapema kuliko ile ya kwanza, wala hakuna inayofafanuliwa kwa haraka zaidi. Katika mafundisho ya Kipaimara mtoto hujifunza amri, hujifunza maelezo ya Luther, kisha mwalimu humtajia miungu mingine ni ipi: matambiko, hirizi, ramli, mizimu ya ukoo. Orodha ikiisha, somo limekwisha. Mtoto huondoka akiamini kwamba miungu mingine ni habari za babu zake, na kwamba yeye aliyebatizwa na kusoma shule amekwisha kuivuka amri hiyo.

Katika makala haya tunakusudia kuuhakiki ufafanuzi huo. Hatusemi kwamba ni wa uongo. Tunasema kwamba ni mfupi mno, na kwamba ufupi wake umeipotosha nidhamu ya Kanisa.

1. Maneno ya amri

Amri hii imeandikwa kwa maneno yale yale katika Kut. 20:3 na Kum. 5:7: lo yihyeh lekha elohim akherim al panai. Wataalamu wengi wa Agano la Kale wameonyesha kwamba maneno haya hayakanushi kuwapo kwa miungu mingine. Katika Amu. 11:24 Yeftha anamtaja Kemoshi kama mungu awapaye watu wake nchi. Zaburi ya 82 inamwonyesha Mungu akihukumu katikati ya miungu. Ukanusho ulio wazi kabisa tunaukuta katika Isa. 44 na 45, katika ujumbe uliowahusu watu wa uhamisho wa Babeli, karne ya 6 K.K. Tena maandishi yaliyofukuliwa Kuntillet Ajrud, katika jangwa la Sinai, mwaka 1975 na 1976, yanamtaja Bwana pamoja na Ashera wake. Wataalamu wangali wanabishana kama neno hilo lina maana ya mungu wa kike au ya nguzo ya ibada, lakini hakuna awezaye kusema tena kwamba Israeli ya kale ilikuwa na ibada moja tu iliyo safi.

Wako wanaoogopa habari hizi, na wako wanaozitumia ili kuidharau amri. Makundi yote mawili yamelikosa swali lenyewe. Amri haiulizi, "Je, miungu ni mingapi?" Inauliza, "Wewe ni wa nani?" Neno lekha, yaani "kwako", ndilo litumikalo katika Kiebrania kwa habari ya kumilikiana. Mwanamke "huwa kwa" mumewe; na katika agano Mungu huahidi kuwa Mungu kwa watu wake, nao kuwa watu kwake (Law. 26:12, Yer. 31:33). Basi hii ni lugha ya nyumba na ya ndoa kabla ya kuwa lugha ya shule.

Maneno ya mwisho, al panai, ndiyo magumu zaidi. Tafsiri yetu ya Biblia ya mwaka 1952 ilitumia neno "ila". Neno hilo ni sahihi kwa kadiri yake, lakini limeufuta uso. Kwa Kiebrania Mungu anataja uso wake. Katika Mwa. 11:28 usemi huu unatumika kueleza kwamba Harani alikufa baba yake angali hai. Katika Kum. 21:16 unatumika kwa mume mwenye wake wawili: asimpe mwana wa mke apendwaye haki ya mzaliwa wa kwanza mbele ya mwana wa mke asiyependwa, ambaye ndiye mzaliwa wa kwanza kweli. Hapo maana yake ni kumpendelea mmoja na kumpokonya mwingine haki yake, naye yupo, anaona. Msomaji wa kwetu hahitaji kamusi ili kulielewa jambo hilo. Kuwa na miungu mingine ni kumpa mwingine urithi wa Bwana, Bwana akiwa hai na akitazama.

2. Utangulizi uliokatwa

Amri haianzi na katazo. Kabla yake, katika Kut. 20:2, Mungu anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa watu wake Misri, katika nyumba ya utumwa. Wayahudi huhesabu maneno hayo kuwa ndilo neno la kwanza kati ya yale kumi. Sisi Walutheri twaiunga amri ya sanamu na hii ya kwanza, lakini habari ya Misri haimo katika amri jinsi Luther alivyoiandika katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Aliona kwamba kutolewa Misri ni jambo lililowahusu Wayahudi, wala si mataifa.

Hapa tunathubutu kumhoji mwalimu wetu. Ni kweli kwamba sisi hatukutoka Misri. Lakini amri ikikatwa utangulizi wake, inabaki kuwa Sheria peke yake, na Mungu anayenena ndani yake anafanana na mtawala adaiye heshima. Ikirudishiwa utangulizi wake, Injili inatangulia. Aliyekomboa ndiye anayesema: usirudi utumwani. Miungu mingine inakatazwa kwa sababu inarudisha watu katika nyumba ile ile waliyotolewa. Mkristo wetu aogopaye uchawi hahitaji kwanza kuambiwa kwamba hofu yake ni dhambi. Anahitaji kusikia kwamba yuko aliyemtoa katika hofu hiyo, na kwamba ubatizo wake ndio Bahari ya Shamu yake.

3. Orodha ya Luther na orodha yetu

Katika Katekisimo Kubwa, ya mwaka huo huo, Luther alifundisha kwamba kile ambacho moyo unakitegemea kwa mambo yote mema, ndicho mungu wa mtu huyo. Fundisho hili linajulikana sana. Lisilojulikana sana ni mpangilio wa mifano yake. Mungu wa kwanza anayemtaja ni mali, naye anamhesabu kuwa ndiye mwenye waabudu wengi kuliko wote. Kisha anataja elimu, uwezo, jamaa na heshima. Baada ya hapo ndipo anapowataja watakatifu waliokimbiliwa kwa magonjwa na majanga, na wachawi. Anamalizia na ibada ya sanamu iliyo ya hila kuliko zote, yaani mtu kutegemea matendo yake mema mbele za Mungu.

Tuilinganishe orodha hiyo na ile ya madarasa yetu. Tumeanza na kitu alichokitaja karibu na mwisho, tukaishia hapo hapo. Mali haimo. Jamaa haimo. Kujihesabia haki hakumo kabisa. Tumeirithi orodha ya wamisionari, ambao kwa kawaida waliziona sanamu za wenyeji upesi kuliko za kwao. Hata hivyo hawakuwa wote namna moja. Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliuheshimu sana umoja wa ukoo, wa ujirani na wa rika katika Wachaga, akaujenga usharika juu yake. Tunamshukuru kwa hilo. Lakini damu na ukoo navyo vyaweza kudai kiti cha enzi. Karl Barth aliliona hilo mwezi Machi 1933, alipotoa mhadhara Copenhagen juu ya amri ya kwanza, akiionya theolojia inayoweka kitu cha pili kando ya ufunuo wa Mungu kwa kutumia neno dogo "na". Ujerumani ya miaka ile ilionyesha "na" hiyo inaweza kufika wapi.

4. Amri na nidhamu ya Kanisa

Wako watakaopinga wakisema: mkiipanua amri namna hii, kila kitu kitakuwa sanamu, na mwenye hirizi atapona kwa kujificha katika umati. Hoja hii ni nzito. Paulo mwenyewe, ajuapo kwamba sanamu si kitu (1 Kor. 8), bado anakataza kushiriki meza mbili (1 Kor. 10). Hatutaki hirizi ihalalishwe. Tunataka kipimo kiwe kimoja.

Kwa maana kipimo chetu leo ni viwili. Mama aliyempeleka mtoto wake mgonjwa kwa mganga huondolewa katika Meza ya Bwana. Shemeji aliyemnyang'anya mjane shamba huketi benchi la mbele, na bahasha yake ya ahadi husomwa kwa shukrani. Biblia haikutenganisha hivyo. Ahabu aliyemwabudu Baali ndiye aliyelichukua shamba la Nabothi, na 1 Fal. 21 inayaweka yote mawili katika hukumu moja. Yeye aliyempa mwingine urithi wa Bwana hakuona vigumu kuutwaa urithi wa jirani.

Tena Kanisa letu lina mfano ulio karibu. Mwaka 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam, likatamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo la imani yenyewe. Mwaka 1984, kule Budapest, makanisa mawili ya wazungu yalisimamishwa uanachama. Makanisa hayo yalikuwa na Katekisimo ile ile tuliyo nayo. Ila rangi ilikuwa imeketi mbele za uso wa Bwana, tena mezani pake.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo mawili kwa walimu wa Kipaimara na wachungaji wenzetu. Kwanza, amri isifundishwe pasipo Kut. 20:2, mtoto amjue Mkombozi kabla ya katazo. Pili, mabaraza ya wazee yanapomwita mtu kwa ajili ya amri hii, yaulize alimwogopa nani na alimtegemea nani, kabla ya kuuliza alikwenda wapi. Swali hilo litamfikia mama wa mtoto mgonjwa kwa faraja, na litamfikia mwenye shamba la mjane kwa hukumu. Litatufikia na sisi tunaouliza, ambao huenda tunautegemea usafi wetu kuliko neema yake Yeye aliyetutoa katika nyumba ya utumwa.