Mstari Ukiporomoka: Ndiva, Basi na Mkato wa Shairi

Mtunzi aliyezoea kalamu na daftari hupata mshtuko mara ya kwanza anapoandika shairi kwa Markdown. Mishororo yote inageuka aya moja. Mfumo huu wa kupanga maandishi kwenye kompyuta, uliotolewa na John Gruber mwaka 2004, hauhesabu Enter iliyobonyezwa mara moja: maneno ya mstari wa pili hupanda juu na kuungana na ya wa kwanza, katikati ikabaki nafasi moja tu. Ukitaka mkato ubaki, acha nafasi mbili tupu mwishoni mwa mstari ndipo ubonyeze. Ukitaka ubeti mpya, ruka mstari mzima.

Kero hii ina faida kwa mhakiki. Inatulazimisha kuuliza mkato wa mstari unafanya kazi gani katika shairi la Kiswahili, na unamfanyia nani kazi hiyo, sikio au jicho. Nimetunga ubeti kwa ajili ya jaribio, juu ya ndiva, yale mabwawa ya milima ya Upare yanayojazwa usiku ili mashamba ya chini yapate maji mchana:

Maji usiku hulala, ndiva ikayakusanya,
Wazee kwa yao mila, zamu wamezigawanya,
Asubuhi bila hila, maji shambani hupenya,
Hawagombani kwa kula, haki ndiyo huwaponya.

Sasa uporomoshe, uondoe na koma zake: maji usiku hulala ndiva ikayakusanya wazee kwa yao mila zamu wamezigawanya asubuhi bila hila maji shambani hupenya hawagombani kwa kula haki ndiyo huwaponya. Usome kwa sauti. Baada ya mizani 8 unagonga -la, baada ya 8 nyingine unagonga -nya, na kabla hujafika nusu ya aya sikio limeshajua pa kupumzika. Ukimpa mzee aliyekulia kwenye mashairi, atakurudishia mishororo minne bila kuona karatasi. Kina kinafanya kazi ya mlango wa ndiva: kinazuia, kinaachia, kwa zamu inayojulikana na wote.

Ndiyo maana washairi wa Pate na Lamu hawakuhangaishwa na jambo hili. Katika miswada ya hati za Kiarabu, ubeti mzima wa utendi wenye vipande vinne mara nyingi ulikaa kwenye mstari mmoja wa karatasi, vipande vikitenganishwa kwa alama ndogo. Utendi wa Tambuka wa Mwengo bin Athumani, wa mwaka 1728, ni wa mapokeo hayo. Ule mpangilio wa mistari minne mifupi, mmoja chini ya mwingine, tuliouzoea vitabuni, ni wa wapiga chapa. Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria zake za utunzi mwaka 1954, mizani na vina vilikuwa ndiyo mihimili, karatasi ilifuata.

Hata hivyo nisiseme kwamba shairi la kimapokeo halipotezi kitu. Rudi kwenye ubeti ukiwa umepangwa, usome ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha kila mshororo, peke yake, kutoka juu kwenda chini: maji usiku hulala, wazee kwa yao mila, asubuhi bila hila, hawagombani kwa kula. Sasa soma utao, kipande cha pili: ndiva ikayakusanya, zamu wamezigawanya, maji shambani hupenya, haki ndiyo huwaponya. Upande wa kwanza una muda na watu. Upande wa pili una kazi inayofanyika. Mgawanyo huo jicho huuona mara moja kwa sababu vipande vimesimama katika safu mbili. Ndani ya aya iliyoporomoka hauonekani kabisa, na sikio peke yake halitaugundua kwa urahisi. Kwa hiyo hata malenga anayejivunia sikio lake ana deni kwa karatasi.

Nyimbo za kanisani nazo zina msaada wake. Waadventista walifika Upare mwaka 1903 na kuanzia Giti, Mamba, na tangu hapo milima hii imeimba tenzi nyingi zenye tuni za Ulaya. Pale mkato unalindwa na tuni. Shida yake ni nyingine: tuni nyingi za Kijerumani na Kiingereza hutua kwa kishindo kwenye noti ya mwisho, ilhali neno la Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mwimbaji analazimika kukandamiza silabi ambayo kinywa chake kingeiacha ipite. Mstari hauporomoki, lakini unaishia mahali ambapo lugha isingeumalizia.

Sasa tuje kwenye shairi huru, ambako ndiko jaribio linauma. Hili nalo nimelitunga, la stendi ya Same, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha:

Basi limepita Same
halikusimama
vumbi
limebaki linatafuta
abiria

Liporomoshe: basi limepita Same halikusimama vumbi limebaki linatafuta abiria. Basi na vumbi vyote ni vya ngeli moja, vyote vinachukua li-. Hakuna kiambishi cha kukuambia nani hakusimama na nani amebaki. Vumbi ndilo halikusimama? Basi limebaki linatafuta abiria? Katika mpangilio wa awali, vumbi limetengwa peke yake kwenye mstari, likimalizana na lililo juu na kuanza lililo chini. Mkato ule ndio sarufi ya shairi. Ukiuondoa, umeondoa mtendaji.

Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya mashairi huru, *Kichomi*, mwaka 1974, wanamapokeo waliona kwamba tungo za aina ile ni nathari iliyokatwakatwa. Hoja yao ina kipimo chake, na kipimo chenyewe ni huu: uporomoshe utungo, uangalie kilichopotea. Kama maana imebaki ileile, pumzi ileile, basi walisema kweli kuhusu utungo huo, na mtunzi alikuwa anapoteza karatasi. Kama maana imevurugika, hoja imeanguka. Nasema bila kusita kwamba mashairi huru mengi ninayosoma siku hizi hayavuki mtihani huu. Yanakata mstari popote penye kiunganishi, ili yaonekane membamba. Lakini linalovuka lina haki ya kulindwa kama vina vinavyolindwa.

Na kulindwa kwake ni kwa vitendo. Zile nafasi mbili za mwisho wa mstari hazionekani. Mhariri anayesafisha maandishi huzifuta akidhani ni uchafu, na programu nyingi huzifuta zenyewe. Lahaja ya Markdown iitwayo CommonMark inaruhusu alama ya mkwaju wa nyuma, yaani \, mwishoni mwa mstari kwa kazi hiyohiyo. Haipendezi, lakini inaonekana, na mhariri atakayeifuta atajua amefuta kitu. Kwa shairi la vina, tumia upendacho. Kwa shairi la basi na vumbi, weka mkwaju.