Rehani ya Pili: Amina katika Riwaya ya Peponi

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ilitoka mwaka 1994. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akatuletea tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi. Wengi huisoma kama kisa cha Yusuf, mvulana wa miaka 12 ambaye baba yake anamtoa rehani kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni. Tunakaa naye dukani, tunaandamana naye kwenye msafara wa kwenda bara, na tunamwona akirudi akiwa kijana.

Lakini nyuma ya ukuta wa bustani, katika nyumba hiyohiyo, kuna rehani nyingine. Jina lake Amina. Akiwa mtoto aliibwa na watu, akaokolewa na baba yake Khalil, akalelewa kama binti wa nyumba. Kisha baba huyohuyo, aliposhindwa kumlipa Aziz, akamtoa yeye pamoja na Khalil.

Tofauti ya watoto hawa wawili iko katika maana ya kukua. Yusuf akikua, dunia yake inapanuka: anaona milima, maziwa na miji asiyoijua, anaumwa, anaogopa, anajifunza. Amina akikua, anaozwa kwa Aziz. Kwake yeye kuvunja ungo ndiyo siku ya kulipwa deni. Ndoa hiyo inamfungua Khalil, ambaye sasa yuko huru kwenda zake lakini anabaki kwa ajili ya dada yake. Uhuru wa kaka umelipiwa na mwili wa dada, na hakuna aliyemuuliza.

Gurnah anauona udhalimu huu waziwazi. Ninacholalamikia ni nafasi aliyompa Amina. Sehemu kubwa ya habari zake tunaisikia kwa Khalil, na yeye mwenyewe anapata kuzungumza pale tu kitabu kinapokaribia kwisha. Maneno yake machache yana busara kuliko ya wanaume wengi wanaohojiana safarini kurasa nzima. Tunamkuta amekwisha kukomaa. Namna alivyokomaa hatukuonyeshwa.

Zulekha, mke mkubwa, yumo katika hali hiyohiyo. Wasomaji wa pwani watamtambua mara moja. Ndani ya Kurani mke wa bwana wa Nabii Yusuf hakutajwa jina. Ni masimulizi ya baadaye yaliyomwita Zuleikha. Gurnah anachukua jina hilo na ile kanzu iliyochanwa kwa nyuma, lakini anamwongezea mwanamke huyu alama usoni inayomtesa na tamaa ya kuponywa kwa dua ya kijana. Ni mjane tajiri aliyeolewa na mwanamume mdogo kwake, naye ndiye aliyemletea Aziz mali. Hata hivyo, kabla hajatokea mbele yetu tumeshaambiwa na Khalil kwamba ana wazimu. Tunaingia chumbani kwake tukiwa tayari kumcheka au kumwogopa, na huruma inatufikia ikiwa imechelewa.

Mtu anaweza kujibu kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa pwani ya wakati wa Wajerumani, na kwamba msichana kama Amina asingeweza kufuata msafara. Ni kweli. Ila ukweli huo haumlazimishi mwandishi kubaki upande wa nje wa ukuta. Ndani kulikuwa na miaka mingi, wanawake wawili na mume mmoja, na hiyo nayo ni safari.

Mwishoni Yusuf, aliyemwomba Amina waondoke, anakimbilia peke yake safu ya askari wa Kijerumani, na nyuma yake inasikika kama milango inafungwa kwa komeo. Wasomaji hubishana kama Yusuf amepata uhuru au amebadilisha bwana tu. Ni swali zuri. Ukikisoma tena, liulize pia kwa Amina, kwa sababu kitabu kinakwisha yeye akiwa bado yumo ndani.