Kivugo cha Asiye na Kitu: Rapu, Mali na Ugeni Mjini Durban

Msikilizaji wa Kiswahili anayekutana kwa mara ya kwanza na wimbo "Mali Eningi" wa Big Zulu, uliotoka mwaka 2020, hahitaji kamusi ya Kizulu ili aelewe jina lake. Mali nyingi. Neno linavuka kutoka lugha moja hadi nyingine bila kubisha hodi, na pamoja nalo inavuka hukumu tuliyozoea kuitoa: huu ni wimbo wa tamaa. Mhakiki wetu angeuweka kando pamoja na nyimbo zote za magari, saa na vinywaji, kisha akarejea kwenye rapu anayoiheshimu, ile yenye ujumbe. Nami niliuweka kando hivyo hivyo. Sasa naona nilikosea, ingawa si kwa kiasi nilichodhani siku nilipoanza kujisahihisha.

Kipimo hicho tumekitoa nyumbani. Rapu ya Kiswahili, ambayo wengi waliijua kwa jina la muziki wa kufokafoka, ilipata heshima mbele ya wasomi kwa sababu ilisema. Mr. II, katika "Hali Halisi", aliyaweka mezani maisha ya kijana wa mjini asiye na mtetezi. Profesa Jay, katika "Ndio Mzee", alivaa joho la mwanasiasa anayeahidi kila kitu mbele ya umati unaoitikia kila ahadi, na kejeli ile ikawafikia hata watu wasiopenda rapu. Wa kwanza aliingia bungeni mwaka 2010 akiwa mbunge wa Mbeya Mjini. Wa pili alimfuata mwaka 2015 kutoka Mikumi. Mhakiki angetaka ushahidi gani zaidi kwamba wimbo ni kazi ya kijamii? Nyuma ya kipimo hicho amesimama pia Shaaban Robert, ambaye Utubora wake huacha kazi ya mjini na kushika jembe. Katika mapokeo yetu ya kimaadili, mtu mwema huipa mali kisogo.

Lakini tunayo mapokeo mengine, na tunayasahau kila tunapohakiki rapu. Katika uainishaji wa fasihi simulizi, M. M. Mulokozi ameyapa nafasi majigambo, au vivugo: tungo ambazo mtu hujisifu mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, akitaja nasaba yake na matendo yake. Hakuna aliyewahi kumlaumu shujaa wa Kihaya kwa kukosa unyenyekevu wakati wa kutoa kivugo chake. Muyaka bin Haji naye alijigamba kwa niaba ya Mvita, mbele ya maadui wa mji, na tunamsoma kwa fahari. Kujigamba, kwa hiyo, ni fani yenye kanuni na kazi zake, na mtu anayeisikia kama ulevi wa kijana mjinga amekosea utanzu.

Durban ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili, kwa kuwa huko rapu ilifika na kukuta kiti kimekwisha wekwa. Wanaume wa mashambani waliokuja kufanya kazi bandarini na viwandani, wakalala katika mabweni ya wafanyakazi, walikuja na gitaa na sauti zao. Kutokana na maisha yao ulikua muziki wa maskandi, na John Bhengu, aliyejulikana kwa jina la Phuzushukela, ndiye wa kwanza kutajwa wanapotajwa magwiji wake. Katikati ya wimbo wa maskandi, uimbaji husita na mwimbaji huanza kusema kwa kasi: mimi ni fulani, mtoto wa fulani, natoka bonde fulani chini ya mlima fulani. Hizo ni izibongo, sifa za nafsi. Tumfikirie msemaji huyo alikuwa nani mchana. Kwa mwajiri alikuwa mkono wa kubebea mizigo. Kwa polisi alikuwa kitabu cha pasi, na sheria za pasi hazikufutwa hadi mwaka 1986. Katika dakika ile ya kusema kwa kasi alirudi kuwa mtu mwenye ukoo. Hakuna mwingine mjini aliyekuwa na sababu ya kumsifu, basi alijisifu mwenyewe.

Big Zulu ni mrithi wa dakika ile. Anatoka Bergville, chini ya milima ya Drakensberg, na kabla ya kujulikana aliendesha teksi, yaani kile ambacho sisi tungekiita daladala. Kizulu chake ni cha shamba, na hakifichi. Ukimsikiliza baada ya kusikiliza maskandi, "mali" inabadilika sura. Haiwi tena bidhaa ya dukani; inakuwa sehemu ya kivugo, mahali palepale ambapo mababu walitaja ng'ombe. Mtu anayetaja mali asiyokuwa nayo hadanganyi, kama vile shujaa hadanganyi anaposema anameza simba. Anadai. Na anadai kwa lugha ambayo jamii yake tayari inaitambua kuwa lugha ya heshima, jambo ambalo wimbo wa ujumbe, kwa wema wake wote, hauwezi daima kulifanya. Wimbo wa ujumbe humweleza maskini kwa wengine. Kivugo humpa maskini nafsi ya kwanza.

Hiyo ndiyo falsafa ninayoiona, na laiti makala ingeweza kuishia hapo. Haiwezi, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni neno inkabi. Maana yake ya asili ni maksai. Mtaani ni muuaji wa kukodiwa. Neno hilo limeingia katika muziki: rapu ya Big Zulu huitwa kwa jina hilo, na kundi lake na Sjava, lililotoa albamu ya "Ukhamba" mwaka 2023, linaitwa Inkabi Zezwe. Kutwaa jina la kutisha na kuligeuza sifa ni desturi ya kivugo popote. Hata hivyo, mjini Durban neno hilo halikubaki ndani ya nyimbo. Bweni la Glebelands, kule Umlazi, limeshuhudia mfululizo wa mauaji tangu mwaka 2014. Na usiku wa tarehe 10 Februari 2023, rapa AKA, mzaliwa wa Cape Town, alipigwa risasi nje ya mkahawa katika barabara ya Florida pamoja na rafiki yake. Polisi walieleza kuwa yalikuwa mauaji ya kulipiwa. Simtuhumu mtunzi yeyote wala wimbo wowote. Ninachosema ni kwamba mali, ambayo kivugo huitaja kama ngao, haikumkinga hata yule aliyekuwa nayo.

Sababu ya pili inatugusa sisi zaidi. Kivugo husema mtu anatoka wapi. Nguvu yake yote imo humo: ukoo, mto, kaburi la babu. Je, maskini asiye na mto pale?

Durban imejaa maskini wa namna hiyo wanaosema Kiswahili. Wakongomani wanalinda magari yaliyoegeshwa, na wapo Warundi na Watanzania katika mitaa ya Point na Albert Park. Wanasikia rapu ileile katika teksi zilezile. "Mali" wanaielewa bila kufundishwa. Lakini undugu wa lugha una mipaka yake: mwaka 2008, katika vitongoji vya Johannesburg, watu walioshukiwa kuwa wageni waliulizwa jina la Kizulu la kiwiko, indololwane, na aliyeshindwa alipigwa. Zaidi ya watu 60 waliuawa nchini mwezi ule. Aprili 2015 zamu ikawa ya Durban, na maelfu wakakimbilia kambi za muda. Kambi mojawapo ilikuwa Chatsworth.

Jina hilo lina historia yake. Kuanzia mwaka 1873, Waingereza walishusha Durban watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua. Waliitwa Wazanzibari, wakaishi King's Rest katika rasi ya Bluff, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zao. Serikali ya ubaguzi wa rangi ilishindwa kuamua ni watu gani, mwishowe ikawaandika kuwa Waasia wa aina nyingine, ikawahamishia Chatsworth. Kwa hiyo kitongoji kilekile kimewapokea wasema Kiswahili mara mbili, na mara zote mbili kwa sababu mtu mwingine aliwajibia swali la wao ni nani.

Jibu jingine limekuwapo Durban muda wote huu. Abahlali baseMjondolo, chama cha wakazi wa vibanda kilichozaliwa Kennedy Road mwaka 2005, kilitoa tamko wakati wa ghasia za 2008 kikikataa kwamba jirani mgeni ndiye adui wa maskini. Kwao aliye wa mji ni yule anayeishi mjini. Hakuna anayeulizwa mto. Mikutano yao haikosi nyimbo, ingawa ni za kwaya na maandamano. Rapu yenye kivugo cha namna hiyo, inayosema "mimi" kwa sauti ya Bergville lakini ikimwachia nafasi mlinzi wa magari kutoka Bukavu aseme "mimi" yake katika ubeti unaofuata, kwa Kiswahili, sijaisikia bado. Nimeanza kuitafuta.