Barua za Bibi Salme kwa Rafiki Asiyetajwa Jina

Walimu wenzetu wengi humfahamu Bibi Salme binti Said kwa kitabu kimoja tu, yaani kumbukumbu alizozichapisha Berlin mwaka 1886 kwa jina lake la ndoa, Emily Ruete. Kitabu hicho kimesifiwa sana, wala sina nia ya kukitweza. Lakini yapo maandishi yake mengine ambayo hakuyachapisha katika uhai wake, nayo ndiyo ninayoyahakiki hapa, kwani kwa maoni yangu yanakipita kitabu kile. Ni barua ndefu kwa rafiki mmoja wa kike aliyeko Unguja, ambaye jina lake halitajwi. Zilibaki miongoni mwa karatasi zake, na msomaji wa kawaida hakuzipata mpaka mwaka 1993, E. van Donzel alipozitoa kwa Kiingereza pamoja na zile kumbukumbu. Mimi nimezisoma katika tafsiri hiyo.

Kwa faida ya wanafunzi, nieleze kidogo habari zake. Alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, babaye akiwa Sayyid Said na mamaye Jilfidan, suria wa Kicherkesi. Wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika; yeye alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimponza. Mwaka 1859 nduguye Barghash alipotaka kumpindua Majid, binti huyu wa miaka kumi na mitano ndiye aliyekuwa katibu wa njama. Mwaka 1866 alitoroka katika manowari ya Kiingereza, na mwaka uliofuata, huko Aden, akabatizwa na kuolewa siku moja na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo.

Katika kumbukumbu zake Bibi Salme ni wakili. Amesimama mbele ya Wajerumani akiitetea nchi yake, na wakili hasemi yote: mimba aliyoondoka nayo Unguja haimo kitabuni. Tena wakili hutetea hata lisiloteteka. Sisi tunaoishi kwenye ufuko huu wa Tanganyika, ambako watu walifungwa minyororo wakaanza safari ya kwenda pwani, hatuwezi kuzisoma kwa utulivu kurasa zake juu ya utumwa. Mwalimu atakayezisomesha asizirukie.

Katika barua mambo yamegeuka. Unguja haihitaji kuelezwa, maana msomaji yuko huko huko. Kinachohitaji kuelezwa ni Hamburg: baridi, nyumba zenye milango iliyofungwa mchana kutwa, chakula kisichomezeka, watu wanaomkodolea macho kana kwamba ni mnyama wa maonyesho. Mzungu ndiye aliyekuwa mgeni machoni mwa msomaji huyo wa Unguja, na mwandishi analazimika kumweleza kwa subira, jambo kwa jambo. Hapo ndipo kalamu yake inapokuwa na nguvu. Anakiri kwamba alibatizwa bila ya kuwa na imani moyoni, na jambo hilo linamtesa. Anaeleza jinsi sheria ilivyomnyima mjane haki ya kuwalea wanawe peke yake, ikamwekea wanaume wa kumsimamia. Jinsi fedha zilivyopungua, akahama mji hadi mji akitafuta maisha nafuu na kufundisha Kiarabu apate riziki. Kusema kweli, zipo kurasa za malalamiko zinazochosha, na mambo mengine huyarudia mpaka msomaji akatamani kufunua mbele. Hata hivyo sehemu inayohusu kifo cha mumewe haina neno la ziada.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikosesha usingizi. Barua hizi zimeandikwa kwa Kijerumani. Rafiki wa Unguja angezisomaje? Bibi Salme alipofika Hamburg hakujua Kijerumani; yeye na mumewe walizungumza Kiswahili. Mume alipokufa, Kiswahili kilibaki nyumbani humo bila ya mtu mzima wa kukijibu. Linganisha na Tippu Tip, mtu wa Unguja ile ile, ambaye maisha yake aliyaandika kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Tippu Tip ametuachia kwa lugha yetu vita na pembe za ndovu. Bibi Salme ameweka moyo wake katika lugha ya ugenini. Wapo watakaosema alikuwa amekwisha kusahau. Mimi sikubali. Nadhani Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya kunena na Kiarabu lugha ya kuandika. Hakuna aliyemwonyesha kwamba ile ya kunena inaweza kubeba siri katika karatasi.

Nasema hivyo kwa sababu naona jambo hilo hapa Bujumbura. Wanafunzi wangu wanaotoka Buyenzi huzungumza Kiswahili tangu alfajiri hadi usiku, lakini daftari wanazozificha chini ya mto huziandika kwa Kifaransa.

Kwa hiyo niliwapa kazi: watafsiri mwanzo wa barua moja. Tulikwama kwenye neno la kwanza. "Rafiki" hakuonyeshi kama ni mwanamke au mwanamume, ilhali Kijerumani huonyesha. Nikaandika ubaoni "Shoga yangu", darasa zima likaangua kicheko, maana siku hizi neno hilo limepata maana nyingine. Ikanibidi nieleze kwamba kwa wanawake wa Unguja shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, na kwamba Kijerumani chenyewe hakina neno linalolingana nalo barabara, kwa sababu lao hata mwanamume huweza kulitumia. Msichana mmoja, ambaye bibi yake alitoka Ujiji, akapendekeza "Somo yangu". Mwingine akashikilia "Dada". Kengele ililia tukiwa bado tunabishana, nao wakaomba ubao usifutwe.